Peli eli, laga au tembo la mnazi: uweke nini mezani Mtwara?

Jumamosi moja jioni, Mikindani, rafiki yangu aliniita nimsaidie kupanga meza. Alikuwa anangoja wageni: shemeji zake wawili kutoka Dar, vijana wanne wa ofisini kwake, na mzee mmoja wa Msimbati aliyekuwa jirani ya marehemu baba yake. Kreti ya laga ilikuwa tayari kwenye friji. Mgema alikuwa ameshaongea naye. Na chini ya kiti kulikuwa na boksi la chupa kumi na mbili za bia ya kiwanda kidogo cha Dar es Salaam, lebo yake imeandikwa pale ale.

"Hizi ni chungu," aliniambia. "Sijui zimeharibika au ndivyo zilivyo. Na kama ndivyo zilivyo, nimpe nani?"

Hayo ni maswali mawili, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni la kupima: kinywaji hiki ni kizima? La pili ni la kuchagua: kinamfaa nani, saa ngapi, na chakula gani? Nitayajibu yote kwa vinywaji vyake vitatu.

Ila kwanza jina. Lile neno la kwenye lebo si pale letu la "pale mnazini". Ni Kiingereza, maana yake rangi isiyokolea, na ale ni jina la aina ya bia. Wenyewe hutamka peil eil. Nitaandika peli eli ili tusichanganyane.

Vipimo kabla ya vinywaji

Ukilinganisha kwa kunywa tu bila kipimo, kinachoshinda ni kile ulichokizoea. Kwa hiyo vyote vitatu vipite kwenye mlango mmoja.

Kipimo cha kwanza, nami ndicho ninachokiamini kuliko vingine, ni umri: kimetengenezwa lini na kimefikaje hapa. Pili ni sura, yaani rangi na povu. Tatu ni harufu. Nne ni ladha, pamoja na uzito wake mdomoni na kinachobaki kooni ukishameza. Tano ni chakula kinachoendana nacho. Sita ni mfuko na kichwa: bei na nguvu ya kilevi.

Kuonja kwenyewe hakuna uchawi. Tafuta bilauri ya kioo iliyooshwa vizuri, maana iliyopita kwenye maji ya vyombo vya kukaangia ina mafuta, na mafuta huua povu. Mimina theluthi tu. Inuse kabla hujaionja, kisha itikise kidogo uinuse tena. Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, limeze. Usiteme, kwa sababu sehemu kubwa ya harufu hupanda puani kwa nyuma wakati wa kumeza, na uchungu hujitokeza vizuri hapo hapo.

Jambo moja la lugha litakusaidia kuliko kifaa chochote. Wengi wakionja kitu kigeni husema tu "kikali" na kufunga mjadala. Kiswahili kina maneno zaidi ya hapo. Uchungu ni wa mchunga na kahawa isiyo na sukari. Ugwadu ni wa ukwaju na ndimu. Ukakasi ni ule wa bibo, unaokausha ulimi mpaka unahisi umelamba kitambaa. Ukali wa kilevi ni joto linaloshuka kifuani. Ukisema "chungu" hakikisha ni chungu kweli, si kakasi wala si gwadu, kwa sababu kila kimoja kina chanzo chake.

Peli eli ya kiwanda kidogo

*Umri.* Boksi langu la kwanza lilipanda basi mwezi Desemba. Kutoka Dar hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi, na safari nzima lilikaa kwenye buti, kisha likalala siku mbili stoo chini ya bati. Nikafungua kwa mbwembwe mbele ya watu, nikanusa, nikakuta harufu ya kadibodi iliyonyeshewa. Nilikilaumu kile kiwanda miezi kadhaa. Baadaye nikainywa bia ileile Dar, ikiwa mpya, nikaona aibu: ilikuwa inanukia ganda la chungwa.

Kilichotokea ni hiki. Harufu nzuri ya peli eli hutoka kwenye mafuta mepesi ya hopsi, maua ya mmea unaotambaa ambao hupenda nchi zenye msimu wa siku ndefu za mwanga. Hapa Afrika unalimwa Afrika Kusini, maeneo ya George. Mafuta hayo hufifia haraka, na hewa kidogo iliyobaki kwenye chupa huendelea kuichakaza bia. Joto huongeza kasi ya yote mawili. Bia iliyokaa friji miezi mitatu inaweza kuwa bado nzuri. Iliyokaa wiki chache kwenye joto la digrii 30 na kitu la huku kwetu inaweza kuwa imekwisha, hata kama tarehe ya kwenye lebo bado iko mbali. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya kusini kukatika huko Somanga, mizigo ililala njiani. Bia iliyolala hivyo usiihukumu kama bia. Umeonja safari.

Basi soma tarehe ya kupakiwa, siyo ya kwisha muda peke yake. Kisha uliza imesafirije.

*Sura.* Rangi ni kati ya dhahabu na shaba, kama chai ya rangi isiyokolea. Jina lilitokana na hilo. Zamani kimea cha shayiri kilikaushwa kwa moto wa kuni, kikatoka cheusi na chenye moshi. Karne ya 17 Waingereza walianza kutumia koki, makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza yakatolewa moshi, wakapata kimea cheupe zaidi. Kwa macho ya leo hiyo bia si nyeupe sana, lakini mbele ya zile nyeusi za wakati ule ilikuwa nyeupe.

Povu liwe jeupe, lidumu, na likishuka liache alama kwenye kuta za bilauri. Ukungu kidogo si kasoro. Mashapo chini ya chupa nayo si kasoro ikiwa bia haikuchujwa: ni chachu. Weka chupa wima friji usiku mzima, umimine taratibu, mashapo yabaki chini. Kasoro ni chupa inayolipuka povu ukiigusa tu kizibo wakati hakuna aliyeitikisa. Mara nyingi hiyo imeingiliwa na vijidudu.

*Harufu.* Hapa ndipo penye utamu wa kazi. Peli eli zina koo mbili kubwa. Za Kiingereza, zilizopata sifa mji wa Burton upon Trent kwa sababu ya maji yake yenye jasi, huelekea kwenye kimea: biskuti, asali, sukari iliyoungua kidogo, na majani makavu kwa mbali. Za Kimarekani huelekea kwenye hopsi. Mfano unaotajwa kila mara ni Sierra Nevada ya mji wa Chico, California, iliyoanza kupikwa mwaka 1980 kwa hopsi aina ya Cascade. Ukinusa bia ya ukoo huo utafute balungi, ganda la chungwa, maua, na utomvu wa msonobari. Viwanda vidogo vingi hufuata ukoo huu wa pili, lakini si vyote, kwa hiyo usiilaumu bia ya Kiingereza kwa kukosa balungi.

Harufu mbaya nazo zina majina. Kadibodi iliyolowa ni uzee. Siagi au pipi ya maziwa ikizidi ni bia iliyotolewa kwenye chachu kabla haijamaliza kazi. Tufaha bichi, hivyo hivyo, ni haraka. Mahindi ya kuchemsha ni mapishi yasiyochemka vya kutosha au kupozwa polepole. Siki ni vijidudu. Na harufu ya kicheche ni jua: mwanga hugonga viini vya uchungu wa hopsi na kuvigeuza. Chupa ya kahawia huzuia kwa sehemu kubwa, ya kijani na ya kioo cheupe huzuia kidogo tu. Bia yoyote iliyopangwa dirishani ili ipendeze, mimi huipita.

*Ladha.* Rafiki yangu alisema ni chungu. Ndivyo inavyotakiwa. Uchungu wa bia hupimwa kwa kipimo kiitwacho IBU. Laga nyepesi za kawaida huwa kati ya 8 na 20 hivi. Peli eli ya Kimarekani huwa kati ya 30 na 50. Mtu aliyezoea laga akipiga funda la kwanza lazima akunje uso.

Suala si kama ina uchungu. Suala ni uchungu wa namna gani. Fikiria kahawa ya jioni inayouzwa na mzee mwenye dele na vikombe vidogo: inakupiga, kisha inaondoka, na kashata inakungoja. Uchungu mzuri wa peli eli hufanya hivyo, na kashata yake imo humo humo, yaani utamu wa kimea. Uchungu mbaya ni wa klorokwini. Hauendi popote, unashika nyuma ya ulimi na kukwaruza. Ukikuta hivyo, au ukikuta ukakasi wa bibo badala ya uchungu, hapo mpishi au umri una la kujibu.

Kuhusu baridi: baa zetu huuliza "ya moto au ya baridi?" na peli eli inataka jibu la katikati, kama digrii 7 hadi 12. Ikiwa baridi ya kuganda haina harufu, uliyoilipia imefungiwa. Itoe friji, ihesabie dakika kumi, ndipo uifungue. Kwa Mtwara kumi zinatosha kabisa.

*Chakula.* Pweza wa kukaanga, mishikaki yenye mafuta, korosho za kukaanga zenye chumvi. Uchungu hukata mafuta. Ila chunga pilipili, maana bia chungu huichochea. Na changu wa kuchemshwa kwa ndimu usimpe peli eli, itammeza.

*Mfuko na kichwa.* Kwa bei ya chupa moja mara nyingi utapata laga mbili, na usafiri haujahesabiwa. Nguvu yake huwa kati ya asilimia 4.5 na 6.2. Watu huiogopa kwa hilo, lakini fanya hesabu: chupa ndogo ya mililita 330 yenye asilimia 5.5 ina kilevi halisi mililita 18 hivi, na laga ya nusu lita yenye asilimia 4.5 ina mililita 22 na nusu. Ile kubwa ya kawaida ndiyo yenye kilevi kingi.

*Inamfaa* anayekunywa polepole, anayependa kahawa chungu, anayetaka kuzungumza juu ya anachokunywa. Haimfai mwenye kiu.

Laga ya kawaida

*Umri.* Ndilo jambo lake kubwa. Kilimanjaro, Safari, Serengeti au Ndovu utaipata Masasi, Kilwa, Nachingwea, na inazunguka haraka kiasi kwamba ni nadra kukutana na ya zamani. Haina harufu nyingi ya kupoteza, kwa hiyo inavumilia safari. Haivumilii jua, hasa ya chupa ya kijani.

*Sura.* Njano angavu, unaona kidole upande wa pili. Povu hupanda haraka na kushuka haraka. Mtindo huu wa dhahabu angavu ulianzia Plzeň, katika nchi iitwayo Czech leo, mwaka 1842. Ikiwa na ukungu, rudisha.

*Harufu.* Kidogo: mkate, nafaka, majani kwa mbali. Chachu ya laga hufanya kazi kwenye baridi, digrii 7 hadi 13, kisha bia hulazwa kwenye baridi zaidi ili isafike. Chachu ya eli hufanya kazi kwenye joto zaidi na huacha harufu ya matunda. Ndiyo maana laga ni ngumu kuificha kasoro. Mahindi ya kuchemsha au tufaha bichi utayasikia mara moja, mradi usiinywe ikiwa barafu.

*Ladha.* Nyepesi, gesi nyingi, uchungu unaogusa na kupita. Kuna wapenzi wa bia za viwanda vidogo wanaoidharau. Mimi siwaelewi. Kupika kitu chepesi kikawa kilekile mwaka mzima ni ufundi, na saa nane mchana Shangani, jua limesimama, sijaona kinachoishinda laga ya digrii nne.

*Chakula.* Karibu chochote. Samaki wa kuchoma mwenye pilipili ndiye mwenza wake wa kweli.

*Mfuko na kichwa.* Bei inajulikana, nguvu imeandikwa, nyingi zikiwa kati ya asilimia 4 na 5.5. Hatari yake ni kwamba inashuka kirahisi.

*Inamfaa* mwenye kiu, mwenye wageni wengi, na mwenye wageni asiojua wanapenda nini.

Tembo la mnazi

*Umri.* Hapa umri hauhesabiwi kwa miezi, ni kwa saa. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara na kutundika kibuyu. Utomvu huanza kuchacha ukiwa bado juu mnazini, kwa hamira za hewani na zile zilizobaki kibuyuni. La asubuhi ni tamu. Mchana linachemka gesi. Jioni lina ugwadu na nguvu. Kesho yake linaelekea kuwa siki. Mnywaji wa tembo haulizi kiwanda wala lebo. Anauliza "limegemwa lini?" Kwa swali hilo moja anajua atakunywa nini.

*Sura.* Jeupe kama maji ya mchele, na povu jepesi. Lichujwe mbele yako, nyuki na sisimizi nao wanalipenda. Likivutika kama ute, liache.

*Harufu.* Hamira, dafu, mkate mbichi. Bibi zetu waliumulia unga wa vitumbua kwa tembo, na ukilinusa utaelewa kwa nini. Siki kidogo jioni ni kawaida, siki ya kuchoma pua asubuhi si kawaida.

*Ladha.* Utamu mbele, ugwadu nyuma, uchungu karibu hakuna. Kasoro kubwa hutoka chini ya mnazi. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami naongeza kwamba akikosa tembo hulitia sukari. La maji ni jepesi na halina gesi. La sukari lina utamu wa midomoni usiofika kooni.

*Chakula.* Ming'oko ya kuchemsha kwa chumvi, muhogo wa kuchoma, dagaa wa kukaanga. Chakula chenye wanga hukaa vizuri na ugwadu wake.

*Mfuko na kichwa.* Hakuna kinachokaribia kwa bei. Lakini nguvu haijaandikwa popote, na inaongezeka huku mnaongea. Lililokuwa kama juisi saa tatu asubuhi linaweza kuwa na nguvu ya bia jioni.

*Inamfaa* aliye karibu na mnazi na anayemjua mgema wake. Halimfai msafiri wala mwenye tumbo jepesi.

Msomaji wa Newala au Tandahimba atauliza mbona uraka, pombe ya mabibo, haupo. Uraka una msimu wake, mabibo yakianguka kuanzia Septemba, Oktoba hadi mwisho wa mwaka, na meza yetu ilipangwa Juni. Ukija wakati wake, upime kwa vipimo hivihivi, ukijua kwamba ukakasi kidogo ni asili ya tunda. Gongo sikuliweka kwa sababu nyingine: ni haramu kisheria, na hakuna jicho wala pua inayoweza kukuhakikishia kilichomo.

Kulingana na hali yako

Una wageni zaidi ya kumi na bajeti moja? Laga, ongeza chupa chache za peli eli kwa wenye hamu, wagawane kwenye bilauri ndogo. Chupa moja ya mililita 330 inatosha watu watatu kuonja.

Unataka kuonja peli eli kwa mara ya kwanza uijue? Usianzie Mtwara kwenye boksi la basi. Inywe Dar karibu na inakopikwa, uishike harufu yake, kisha uilinganishe na ile iliyosafiri. Ukiwa lazima uagize, agiza miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ije kwenye kasha la barafu, na iende friji siku hiyohiyo.

Uko ufukweni Msimbati na hakuna umeme wa uhakika? Tembo la asubuhi. Bia ya moto, ya ukoo wowote, haina sababu ya kuwepo pale.

Kuna kazi kesho, au kuna pikipiki ya kuendesha usiku? Epuka tembo la jioni, kwa kuwa huwezi kulihesabu. Vya chupa angalau vimeandikwa, na bado pikipiki ilale hapo.

Mezani kuna wasiokunywa kilevi? Huku kwetu karibu kila mara wapo. Madafu yaandaliwe mapema, yasiwe jambo la kukumbukwa mwisho.

Umeshanunua na inakuchukiza? Jaribu funda la pili na korosho za chumvi, bia ikiwa imepungua baridi. Ikikukataa tena, mpe anayeipenda bila kuona haya. Na kama ni kadibodi au kicheche, imwage, hakuna wa kumpa.

Kwa meza ya Mikindani tuliamua hivi: laga kwa vijana, tembo kwa mzee, na peli eli mbele ya shemeji, maana mmoja wao hunywa kahawa bila sukari. Mzee alimaliza kikombe chake cha kwanza, akamwona shemeji anainusa bilauri kama mtu anayenusa ndimu sokoni. Akaomba aione ile chupa. Akamimina kidogo, akanusa, akaonja, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii imegemwa lini?"

Tukaanza kuigeuzageuza chupa kutafuta tarehe.